Kabla ya kufunga maji ya Kalangala, tuulize watoto wa samaki huenda wapi

Ndugu Mhariri,

Kila ngege (sato) na sangara wanapoadimika katika mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, ya Kalangala na Buvuma, visiwa vya Uganda katika Ziwa Victoria, pendekezo moja hurudi: tufunge maji yote yanayozunguka visiwa, kama walivyofanya watu wa Ascension katika Bahari ya Atlantiki. Pendekezo lina nia njema, na mfano wenyewe ni wa kweli. Mwaka 2019 kisiwa hicho, chenye nchi kavu ya kilomita za mraba 88 tu, kilipiga marufuku uvuvi wa kibiashara na uchimbaji wa madini katika bahari yake yote, zaidi ya kilomita za mraba 440,000. Eneo hilo linakaribia mara mbili ya Uganda nzima. Hata hivyo wanaolinukuu hulisahau swali ambalo kila mvuvi wa kisiwani hana budi kuanza nalo: samaki wa hapa wakizaa, watoto wao huenda wapi?

Jibu ndilo linaloamua kama ufunge mahali, ufunge msimu, au upime urefu. Visiwa vya Atlantiki vimelijibu kila kimoja kwa namna yake, na tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze.

Tuanze na kambakochi, kwa kuwa ndiye tegemeo la visiwa vingi vya huko. Kambakochi wa Bahama na Karibi, Panulirus argus, hana magando makubwa. Silaha yake ni miiba na papasi zake ndefu. Jike hubandika mayai chini ya mkia, mdogo laki chache, mkubwa hupita milioni. Mayai machanga yana rangi ya chungwa. Baada ya wiki tatu au nne, yakikaribia kuanguliwa, huwa ya kahawia. Kinachotoka humo ni kiluwiluwi bapa kama jani, chembamba hata mwanga hupenya, na hicho hakikai kisiwani. Mkondo hukichukua hadi bahari kuu, kikaelea huko miezi mitano hadi tisa. Kisha hugeuka umbo, huogelea kuitafuta pwani iliyo karibu, hujificha kwenye mwani mwekundu, na akikua kidogo huhamia chini ya sponji na mawe. Toka hapo hupita yapata miaka miwili kabla hajafikia kipimo cha kuvuliwa.

Kwa hiyo jike anayeachwa hai Bahama huenda anaizalia Kuba, na anayevuliwa Bahama huenda alianguliwa mbali sana na hapo. Kwa mnyama wa namna hii kufunga ghuba moja kunasaidia kidogo. Kinachofaa ni sheria inayomfuata kambakochi mwenyewe popote atakapokamatwa. Ndiyo maana Bahama hufunga uvuvi wake nchi nzima tangu tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, wakati majike wengi wana mayai. Msimu ukiwa wazi, jike mwenye mayai bado haruhusiwi, na gamba la kichwa na kifua lazima lifike inchi tatu na robo, yaani sentimita 8.26. Mkia uliokatwa lazima uwe na inchi tano na nusu, sentimita 14.

Namna ya kupima ni muhimu kuliko tarakimu zenyewe. Kipimo huanzia ukingo wa mbele wa gamba, katikati ya zile pembe mbili zilizo juu ya macho, kikanyooka hadi mwisho wa gamba pale mkia unapoanza. Kifaa bora ni kipande kigumu cha plastiki au chuma chenye mdomo uliokatwa kwa urefu huo. Mdomo ukilimeza gamba lote, huyo ni mdogo, arudi majini. Mkanda wa fundi cherehani haufai, kwa sababu hulala juu ya mviringo wa gamba na kuongeza milimita zisizokuwepo.

Kumrudisha nako kuna ufundi. Kambakochi aliyekaa juani sitahani hata kwa muda mfupi hudhoofika, na aliyekatika miguu hutumia nguvu zake kuiotesha upya badala ya kukua. Akitupwa mbali na pango alimotolewa, atazama mchana kweupe akiwa hana pa kujificha, na chewa humla kabla hajagusa chini. Apimwe haraka, ashikwe gambani wala si papasi, ateremshwe palepale alipokamatwa. Mpimaji makini hupima akiwa bado majini.

Hila inayovuruga sheria ya mayai ni kuyakwangua. Mvuvi hutoa mayai kwa brashi au kisu, na jike akaonekana kama hana kitu. Mkaguzi anayejua kazi humgeuza na kutazama vile vipezi laini vilivyo chini ya mkia, kwenye nyuzi ambazo mayai hushikilia. Zikiwa zimekatika, au kuna yai moja moja limebaki mizizini, jibu limepatikana. Mikia ikishachanganywa na barafu kazi hiyo huwa ngumu mara dufu, na ndiyo sababu ukaguzi wa kweli hufanyika bandarini, si kiwandani.

Bahama pia hutumia vibanda vya kuwavutia kambakochi: bati au ubao uliolazwa juu ya magogo, ukawekwa chini ya bahari isiyo na kina kirefu. Kambakochi hupenda kulala pamoja, huingia kwa makumi, na mpiga mbizi huwanasa kwa ndoano ya mkono. Mabati hayo hayamwiti mkubwa peke yake. Wadogo nao hukusanyika, na mpiga mbizi mwenye haraka huwaumiza wote. Kuna pia kirusi kinachoitwa PaV1, kinachoshambulia hasa watoto hadi damu yao kuwa nyeupe kama maziwa. Watafiti wamethibitisha kwamba kambakochi mzima hukataa kulala tundu moja na mgonjwa. Mnyama mwenyewe ana karantini yake, na yeyote anayepanga mabati kwa wingi mahali pamoja afikirie hilo.

Sasa nenda kusini kabisa, Tristan da Cunha, karibu kilomita 2,800 kutoka Cape Town. Watu hawafiki 300, na uchumi wao umesimama juu ya kambakochi wa ukoo wa Jasus. Viluwiluwi wa ukoo huu huelea baharini muda mrefu hata kuwashinda wa Karibi, lakini Tristan haina jirani wa kumletea. Karibu chochote kitakachoota hapo lazima kitokane na wazazi wa hapo, kwa mikondo inayozunguka na kurudisha. Kwa sababu hiyo kila kisiwa kati ya vinne, Tristan, Inaccessible, Nightingale na Gough, kina kiasi chake cha mwaka, maana kambakochi wa visiwa hivyo hawakui kwa kasi moja. Kiasi kikitimia katika kisiwa kimoja, uvuvi wa hapo husimama hata kama vingine bado. Mwaka 2011 uvuvi huo ulipata cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu, na ni cheti walichostahili.

Anayetilia shaka ukali huo atazame mlima Vema, uliozama baharini kati ya Tristan na Afrika. Kilele chake kiko mita kama 26 tu chini ya maji, na kilikuwa kimejaa kambakochi wa aina ileile. Katika miaka ya 1960 meli zilikifikia, na kwa misimu michache tu kambakochi wakavuliwa hadi ikawa haina faida kurudi. Hakukuwa na kiasi kilichowekwa, wala pwani ya karibu ya kujazia pengo.

Tristan yenyewe ilijaribiwa Machi 2011, meli ya mizigo Oliva ilipopanda miamba ya Nightingale. Ilikuwa na takriban tani 65,000 za soya na tani 1,500 za mafuta mazito. Picha zilizosambaa zilikuwa za pengwini waliopakwa mafuta, lakini kwa wavuvi soya nayo ilikuwa hatari: ilizama, ikarundikana mapangoni, ikaanza kuoza na kula hewa iliyo majini. Uvuvi wa Nightingale na Inaccessible ukafungwa, kambakochi wakapimwa kwanza, na ulipofunguliwa ulianza kwa viwango vidogo. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu tayari kila kisiwa kilikuwa na hesabu yake ya miaka mingi. Asiyejua jana alivua kiasi gani hawezi kujua leo amepoteza nini. Daftari la mwalo ni kifaa cha uvuvi sawa na wavu.

Miaka mitano kabla ya hapo, 2006, jukwaa la kuchimbia mafuta lililokuwa likivutwa kutoka Brazili lilikatika na kukwama Tristan. Liling'ang'aniwa na makumi ya viumbe wageni. Mmoja wao, samaki wa fedha aitwaye Diplodus argenteus, alishuka, akazaa, na yuko huko hadi leo. Tutarudi kwenye jambo hili la wageni.

Samaki wa mapezi nao wana majibu yao. Huko Madeira, kisiwa cha Ureno, huvuliwa samaki mweusi mrefu kama upanga, Aphanopus carbo, kwa mishipi inayoteremshwa karibu kilomita moja chini. Wakomavu wenye mayai wanaonekana Madeira na Visiwa vya Kanari, ilhali wadogo hunaswa mbali kaskazini, magharibi ya Uingereza. Wataalamu wengi wanaamini ni jamii moja inayosafiri. Ikiwa hivyo, mvuvi wa Madeira hata akijizuia vipi, hatima ya samaki wake iko pia mikononi mwa meli asizozijua.

Saint Helena, kisiwa kingine cha Atlantiki, haikufunga bahari yake. Imeamua kwamba jodari wavuliwe mmoja mmoja, kwa fimbo na mshipi, bila nyavu kubwa wala mishipi ya maelfu ya ndoana. Jodari ni mpita njia, hatulii kisiwani, hivyo wamedhibiti chombo badala ya mahali. Na hata Ascension, ukichunguza, faida iliyo wazi zaidi ya kufunga iko kwa wale wasiohama: kitatange na pono wadogo wasiopatikana popote nje ya maji ya visiwa hivyo, na kikande weusi waliojaa pwani hadi ukitupa makombo maji hugeuka giza. Mfano wa mwisho kabisa ni madimbwi ya Shelly Beach, yaliyo ndani ya mwamba wa volkano na kuunganishwa na bahari kwa nyufa. Humo wanaishi kamba wadogo wa aina mbili, Procaris ascensionis na Typhlatya rogersi, waliotangazwa kisayansi mwaka 1972, na kisiwa hicho ndicho makao yao pekee duniani. Kwa viumbe hao dimbwi ni ulimwengu mzima, na gari moja likimwaga mafuta hapo, habari yao imekwisha. Hapo kufunga mahali hakuna mjadala.

Kwetu ziwani swali ni lilelile, na majibu yako mawili yanayopishana.

Ngege, ambaye wenzetu wa Mwanza humwita sato, ni wa kukaa. Dume huchimba shimo la duara kwenye mchanga au tope la ghuba yenye maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai kinywani mwake, mia chache hadi elfu moja na kitu, bila kula, hadi watoto waweze kujitegemea. Hapo hakuna kiluwiluwi anayeelea miezi sita. Mtoto hukulia mita chache kutoka alipozaliwa. Kwa ngege, kufunga ghuba kunalipa, na kunalipa wale wale waliofunga. Tena msimu wa miezi minne kama wa Bahama haumfai, maana katika maji yetu ya ikweta ngege huzaa mwaka mzima, akizidisha wakati wa mvua. Afungiwe mahali, kwa kudumu.

Adui wa mashimo hayo ni kokoro, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni. Likivutwa mara moja hufukia viota vya ghuba nzima. Jike aliyebeba watoto akibanwa huwatema, na hata akiachiliwa hawakusanyi tena. Kwa hiyo mvuvi anayesema "nimewarudisha majike wote" amerudisha vinywa vitupu.

Sangara ni kinyume chake. Jike mkubwa humwaga mayai kwa mamilioni katika maji ya wazi, yakaelea na upepo na mawimbi. Yanayotagwa Ssese, visiwa vya Kalangala, yanaweza kuishia kisiwa kingine au ng'ambo ya mpaka. Ghuba iliyofungwa itawalinda watoto wa sangara wanaokuja kujilisha pembeni, na hilo ni jema, lakini haitajaza sangara katika kisiwa hicho. Sheria yake ni kipimo, na kipimo kifanane Uganda, Kenya na Tanzania. Tunafahamu sentimita 50 za chini. Tatizo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba sangara jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume, na majike wengi wanaovuka 50 kwa shida hawajataga hata mara moja. Ndiyo maana kanuni ya ukanda wa ziwa iliweka pia mpaka wa juu, sentimita 85, ili wale mama wakubwa wabaki. Mpaka huo wa juu ndio unaovunjwa bila aibu, kwa sababu mabondo, yaani vifuko vya hewa vya tumboni, ya sangara mkubwa yana bei nono.

Upimaji wetu una kasoro ileile ya mkanda wa cherehani. Samaki alazwe kwenye ubao wenye kigingi upande mmoja, pua iguse kigingi, mkia ubanwe, kisha usomwe urefu ulionyooka. Ukipitisha mkanda juu ya tumbo, sangara wa sentimita 47 atakuwa 50. Aliyepasuliwa na kukaushwa kwa moshi amekwisha sinyaa, na minofu haina urefu wowote wa kupima. Ubao uwekwe palepale kwenye mwalo, mashua ikifika, kabla kisu hakijatoka.

Ghuba ikifungwa kwa ajili ya ngege, mipaka isitegemee maboya peke yake. Madumu ya lita 20 huibwa, na gugu maji likija kwa wingi hukata kamba na kuyaburuza. Tumieni alama za nchi kavu zinazoonekana kutoka majini: rasi mbili, mwamba na mti mkubwa, mstari ukapita kati yake. Matete yasiwe alama. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, matete na fukwe za mialo mingi vilizama, na aliyekuwa ameweka mpaka hapo alibaki bila mpaka. Boya likiwekwa, kamba yake iwe ndefu kuliko kina kwa theluthi, na jiwe liwe zito kuliko unavyodhani. Ghuba iwe na mchanga na maji mafupi, iwe karibu na makazi ya wavuvi wenyewe ili waione usiku. Ghuba iliyofichika mbali ni zawadi kwa mwenye kokoro.

Kuhusu mukene, yaani dagaa wa ziwa, tutasema kidogo. Nyavu za usiku za wavuvi wake huchota pia uduvi wa ziwa, Caridina nilotica, anayebeba mayai yake chini ya tumbo na ambaye ni chakula kikuu cha sangara wadogo. Uduvi huo huishia kwenye chakula cha kuku bila kuhesabiwa. Tunaomba uandikwe kwa kilo zake kwenye daftari la mwalo, usifichwe ndani ya hesabu ya mukene.

Na sasa wageni. Hoteli za Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda, huandaa kamba mwekundu mwenye magando mawili, na baadhi ya wageni, hata magazeti, humwita kambakochi. Si yeye. Huyo ni Procambarus clarkii, mnyama wa maji yasiyo na chumvi kutoka Amerika, aliyeletwa Afrika Mashariki na watu. Ziwa Naivasha la Kenya alifikishwa mwaka 1970. Ni mtamu, na hatuna neno dhidi ya sahani yake. Ila watoto wake hawaelei kabisa: hutoka mayaini wakiwa kamba kamili, mia kadhaa, wakashikilia chini ya mkia wa mama yao hadi wapate nguvu. Kiluwiluwi cha Tristan kikipotea baharini, kimepotea. Kizazi cha huyu husafiri kizima ndani ya ndoo moja.

Tumesikia watu wakizungumzia kumpandikiza kwenye mabwawa ya visiwani kama biashara mpya. Tafadhali, asipelekwe. Huchimba mashimo kwenye kuta za bwawa hadi zivuje, hukata mimea ya majini ambamo ngege wadogo hujificha, hula mayai ya samaki, na bwawa likikauka hutembea nchi kavu usiku kutafuta maji mengine. Anayefanya kazi Bunyonyi na kurudi ziwani asisafirishe madema wala nyavu mbichi: azitikise, azianike juani siku kadhaa hadi zikauke kabisa, akague vifuko na kona za dema. Kamba akipatikana bwawani visiwani, asirudishwe majini wala asigawiwe majirani akiwa hai. Auawe hapohapo, ageuzwe na kutazamwa chini ya mkia kama ana mayai au watoto, na ofisa wa uvuvi wa wilaya aarifiwe siku hiyohiyo, akionyeshwa bwawa lenyewe na mfereji wowote unaolitoa maji kuelekea ziwani.

Wako,
Wakaguzi wawili wa samaki,
Entebbe